Kuachia Klachi

Kila chombo chenye nguvu chaweza kutazamwa mahali pawili: pale nguvu inapozaliwa na pale nguvu inapotolewa. Watu wengi hutazama mahali pa kwanza tu. Wakisifu pikipiki husifu ukubwa wa injini yake, mlio wake na mwendo wake. Wachache huuliza habari za kiungo kidogo kilichokaa katikati ya injini na gurudumu, kinachokubali au kukataa nguvu ipite. Kiungo hicho ni klachi. Katika safari za kila siku klachi hufanya kazi yake kwa unyamavu, wala mwendeshaji haikumbuki mpaka siku inapoungua mlimani. Lakini kijana anapotaka kujifunza mchezo wa kuinua gurudumu la mbele na kwenda kwa gurudumu la nyuma peke yake, klachi hutoka gizani ikawa jambo la kwanza. Hapo fedha hutumika, mafundi huulizwa, injini hufunguliwa. Yafaa basi kujua klachi bora humpa mtu nini, na kitu gani haiwezi kumpa hata angeinunua kwa thamani ya pikipiki nzima.

Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo iitwayo Super Cub, yenye injini ya sentimita za ujazo 50. Soichiro Honda alikuwa mhandisi. Mwenzake, Takeo Fujisawa, alikuwa mtu wa biashara, naye alitaka chombo ambacho mchukuzi wa tambi za soba angeweza kukiendesha kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umebeba sinia la chakula. Mkono wa kuume ulihitajiwa kwa mafuta na breki. Mkono wa kushoto ulikuwa na sinia, kwa hiyo haukuweza kubana klachi. Basi mkono wa klachi ukaondolewa katika usukani, na mahali pake pakawekwa klachi inayojitawala yenyewe. Injini ikizunguka polepole, vizito vilivyomo ndani ya klachi hutulia na nguvu haipiti. Injini ikizunguka kwa kasi, vizito hutupwa nje na mzunguko ule, klachi hubana, na pikipiki huondoka. Wakati wa kubadili gia, mguu hukanyaga kanyagio, na kanyagio lenyewe hufungua klachi kabla ya gia kuingia.

Ubunifu huo ulikuwa na huruma ndani yake. Ulimwondolea mwanafunzi fedheha ya injini kuzimika mbele za watu, na ulimwondolea mchukuzi shughuli ya mkono mmoja. Ulimwengu uliupokea kwa mikono miwili: ilipofika mwaka 2017 pikipiki za ukoo wa Super Cub zilizokwisha kutengenezwa zilikuwa zimetimia milioni 100. Pikipiki za watoto zilirithi klachi ya namna hiyo. Honda CRF50 na Kawasaki KLX110 zilitoka kiwandani zikiwa hazina mkono wa klachi, kwa sababu mtoto anayeanza ana mengi ya kujifunza kabla ya hilo.

Katika miaka ya 2000 jambo la kuchekesha lilitokea Marekani. Watu wazima walivipenda vipikipiki vile vya watoto. Vilikuwa vyepesi, vifupi, na rahisi kutengenezwa. Mtu akianguka navyo huanguka kutoka karibu. Wakaanza kuvifanyia michezo, na hapo huruma ya mwaka 1958 ikageuka kuwa kizuizi. Klachi inayojitawala hushika kwa wakati wake yenyewe, tena hushika polepole. Mwendeshaji hawezi kuiamuru ingoje injini ipande, kisha ishike kwa ghafula pale anapotaka. Wajanja walipata hila: walikanyaga kanyagio la gia wakalizuia kwa mguu, wakatia mafuta, kisha wakaliachia. Hila hiyo ilifanya kazi, lakini mguu ni mkono wa kijinga. Waweza kufungua na kufunga. Kupima ni vigumu kwake. Ndipo mafundi wakauza vifaa vya kurudisha kile ambacho Fujisawa alikiondoa: kifuniko kipya cha injini chenye mtaimbo mdogo wa kufungulia klachi, waya, mkono wa kubana katika usukani, na springi ngumu zaidi. Mwaka 2010 Kawasaki wenyewe walitoa KLX110L, iliyokuwa na mkono wa klachi tangu kiwandani. Mwaka 2013 Honda walitoa Grom, ambayo mahali pengine huitwa MSX125, yenye injini ndogo na klachi ya mkono. Haikuchukua muda pikipiki hiyo ikapendwa na wanafunzi wa michezo.

Kwa nini klachi ya mkono ilitafutwa kwa bidii namna hii? Jibu limo katika tabia ya vitu vizito. Gurudumu la nyuma linapoisukuma ardhi, msukumo ule hupita chini ya kitovu cha uzito wa pikipiki na mtu aliyeipanda, na kwa hiyo hutaka kuizungusha pikipiki kuelekea nyuma. Uzito nao huizuia. Na ichukuliwe kwamba kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini ni sawa na umbali wake mbele ya mahali gurudumu la nyuma linapogusa ardhi. Hapo gurudumu la mbele haliwezi kuondoka ardhini mpaka mwendo uongezeke kwa kadiri ya mvuto wa dunia, yaani karibu mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Injini ndogo haina nguvu ya kufanya hivyo kwa muda mrefu. Lakini mzunguko wake waweza kuwekwa akiba. Mwendeshaji akibana klachi na kuipandisha injini, gurudumu zito lililomo ndani hukusanya nguvu ya mzunguko. Akiachia klachi kwa upesi, akiba ile yote hutolewa kwa kipindi kifupi, na kwa kipindi hicho pikipiki ndogo huwa na nguvu kuliko injini yake. Mpasua kuni hufanya vivyo hivyo. Mkono wake hauwezi kusukuma shoka likapita gogo kwa kulielemea. Huliinua shoka, huliharakisha, na gogo hupokea kwa pigo moja kazi iliyokusanywa katika safari nzima ya shoka.

Klachi yenyewe ni rundo la pleti za duara ndani ya kikombe, zimeoga katika oili ya injini. Baadhi ni za chuma kitupu na baadhi zimevikwa kitu cha kukwaruza, zikapangwa moja kwa moja kwa kupishana. Springi huzibana. Mkono ukivutwa, springi hushindwa, pleti huachana, na injini huzunguka bure. Nguvu ambayo klachi yaweza kuibeba bila kuteleza hutokana na mambo manne: idadi ya nyuso zinazogusana, ukali wa kugusana kwake, nguvu ya springi, na upana wa pleti kutoka katikati. Katika injini ndogo upana hauwezi kuongezwa, kwa kuwa kifuniko hakina nafasi. Yamebaki matatu. Mtu aweza kuongeza pleti ikiwa kikombe chazipokea. Aweza kuchagua pleti zenye mvao mkali zaidi. Aweza kutia springi ngumu. Springi ni njia ya bei ndogo, na kwa hiyo huchaguliwa kwanza. Lakini springi hulipwa mara mbili: mara ya kwanza dukani, mara ya pili katika vidole. Kijana anayerudia zoezi lile lile mara mia kwa asubuhi moja atagundua kuwa mkono uliochoka hauachii kwa kipimo. Springi iliyonunuliwa ili kumpa utawala itakuwa imemwibia utawala huo.

Oili nayo ina neno lake. Oili nyingi za motokaa za siku hizi zimetiwa dawa za kupunguza msuguano, na dawa hizo ni sumu kwa klachi inayooga katika oili. Ndiyo maana oili ya pikipiki za namna hii huandikwa alama ya JASO MA, kuonyesha kwamba klachi haitateleza. Yamkini mtu atupe pleti nzima akanunua nyingine, kumbe ugonjwa ulikuwa katika chupa.

Kazi ya kubadili klachi si kubwa, lakini humpima mtu tabia. Pleti mpya zenye mvao hulowekwa katika oili kabla ya kupangwa. Asiyezilowesha huziunguza katika dakika za kwanza. Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo kilichonyooka zikaguliwe kama zimepinda. Kingo za kikombe hupapaswa kwa kidole, kwa maana masikio ya pleti huzigonga miaka mingi yakachimba makovu. Pleti ikinaswa katika kovu haitaachana na mwenzake hata mkono ukivutwa mpaka mwisho. Bolti za springi hukazwa kwa kuvuka, kidogo kidogo, ili rundo libanwe sawasawa. Waya huachiwa nafasi ya kucheza, na katika pikipiki nyingi ndogo nafasi hiyo ni milimita 10 mpaka 20 katika ncha ya mkono. Waya ukikazwa mno, springi hazibani kwa ukamilifu na klachi huteleza; ukilegezwa mno, pleti haziachani. Anayefanya haya yote kwa subira amekwisha kujifunza somo la kwanza la mchezo wenyewe, maana mchezo nao ni kazi ya kubana na kuachia kwa kipimo.

Iko hasara nyingine ambayo wauzaji hawaiandiki. Klachi inayoteleza kidogo ni mlinzi. Pigo la ghafula likija, huteleza, hulimeza pigo lile na kuligeuza kuwa joto. Klachi iliyoimarishwa haimezi. Hulipitisha pigo kwa gia, kwa mnyororo, na kwa fito za gurudumu. Ndiyo desturi ya mnyororo: pingu moja ikiimarishwa, dhaifu huwa ni pingu nyingine. Tena pikipiki ikisimama kwa gurudumu la nyuma, oili hukimbilia nyuma ya injini, na mahali pa kuinyonyea paweza kubaki patupu. Gurudumu hupaa kwa furaha, na injini hufa kwa kiu.

Katika miji ya Afrika Mashariki habari hii ina sura yake. Pikipiki nyingi za bodaboda, za sentimita za ujazo 100 mpaka 150, zina klachi ya mkono tangu kiwandani. Dereva wake huijua klachi kuliko mwanafunzi wa Marekani, kwa kuwa ameijua kwa njaa: amepanda nayo mlima akiwa na abiria wawili na gunia la mkaa, na ameisikia ikinuka. Kijana wa namna hii akitamani mchezo haombi klachi ya mkono. Huomba springi ngumu.

“Shikamoo, fundi. Nataka unitilie springi ngumu, klachi ishike kwa nguvu.”

“Marahaba, kijana. Breki yako ya nyuma ikoje?”

“Ya nyuma? Siitumii sana, fundi.”

“Basi rudi nyumbani na springi zako. Siku utakayoitumia breki ile, njoo.”

Fundi wa namna hiyo hupoteza mteja mara nyingi. Lakini swali lake ndilo kiini cha jambo lote, na sababu yake yaweza kuelezwa kwa tabia ile ile ya vitu vizito. Gurudumu la mbele linapopanda, kitovu cha uzito hurudi nyuma, na nguvu inayohitajiwa kuliweka juu hupungua. Likiendelea kupanda hufika mahali ambapo kitovu cha uzito kimesimama wima juu ya gurudumu la nyuma. Mahali hapo ni nukta ya mizani. Hapo injini haihitajiwi ila kuulinda mwendo. Kabla ya nukta hiyo, kupunguza mafuta hulishusha gurudumu. Baada ya nukta hiyo, kupunguza mafuta huenda kusitoshe, na kuongeza mafuta ni kujitupa chali. Kinachobaki ni breki ya nyuma. Ikiguswa, gurudumu la nyuma hupunguza mwendo, mwili wa pikipiki hutaka kuendelea mbele, na gurudumu la mbele hurudi ardhini. Klachi ni mlango wa kuingilia katika mchezo. Breki ya nyuma ni mlango wa kutokea. Mtu hupanua mlango wa kuingilia kwa springi na pleti, akasahau kwamba mlango wa kutokea umejaa kutu.

Ushahidi wa jambo hili upo katika kumbukumbu za mchezo wenyewe. Mwaka 1984 Mmarekani Doug Domokos alikwenda kwa gurudumu la nyuma katika uwanja wa Talladega, Alabama, mwendo wa maili 145, yaani kiasi cha kilomita 233. Tarehe 5 Mei 1991 Mjapani Yasuyuki Kudo alipita hapo: alikwenda kilomita 331 bila kushusha gurudumu, katika kiwanja cha majaribio huko Tsukuba. Pikipiki yake ilikuwa Honda TLM220R, ambayo injini yake ni ndogo, ya sentimita za ujazo 216. Klachi humhudumia mtu katika dakika ya kwanza ya safari kama hiyo. Kilomita zote zilizosalia ni kazi ya macho, mgongo, mafuta yanayotiwa kwa unyevu wa pumzi, na mguu usiosahau breki.

Je, klachi bora basi ni upuuzi? La. Mwanafunzi mwenye klachi inayoteleza hana mwalimu wa kweli. Leo huachia vile vile alivyoachia jana, na pikipiki humjibu vingine. Hawezi kujua kosa ni la mkono wake au ni la pleti. Chombo kisichotoa jibu moja kwa swali moja hakifundishi. Klachi iliyotengenezwa vizuri huondoa shaka hiyo. Huushika mkono wa mtu neno kwa neno na kuutimizia kila amri, ya busara na ya ujinga. Faida yake ni hiyo, na hatari yake ni hiyo hiyo. Klachi ya mwaka 1958 iliamua kwa niaba ya mwendeshaji na kumhurumia. Klachi ya mkono humrudishia uamuzi wake, na huruma huichukua. Anayetaka uhuru huo auchukue pamoja na hesabu yake.

Kwa hiyo utaratibu wa kujifunza waeleweka. Breki ya nyuma hutengenezwa kwanza, na mguu hufundishwa kukaa juu yake kabla mkono haujafundishwa kuachia. Mahali pawe pana, tambarare, pasipo watu wala magari. Kofia ngumu, glavu, viatu vya kufunika kifundo na kinga ya mgongo si mapambo. Kamba ya kuzima injini hufungwa mkononi, ili pikipiki ikimwacha mtu isiende peke yake kutafuta mwingine wa kuumiza. Kisha, katika gia ya kwanza na mwendo mdogo, mwanafunzi huachia klachi kwa kipimo kidogo, gurudumu huinuka shibiri moja au mbili, naye huligusa breki likashuka. Hilo peke yake hurudiwa siku nyingi: kupanda kidogo na kushuka kwa hiari. Anayeona haya kuanza kwa shibiri moja hana budi kuanza kwa anguko.

Barabara ya watu si mahali pa somo hili, na neno hili halihitaji mapambo. Mchezaji amekubali hatari yake. Mama anayevuka na mtoto mgongoni hakuulizwa. Abiria aliyeketi nyuma ya bodaboda amelipa nauli ya kufikishwa kwake, wala hakulipa kiingilio cha mchezo. Zaidi ya hayo, pikipiki iliyosimama kwa gurudumu la nyuma haina usukani, kwa kuwa gurudumu la kugeuzia liko hewani, na mbele ya macho ya mwendeshaji limesimama gurudumu badala ya njia. Katika hali hiyo ustadi mkubwa hauwezi kuliepa jambo lisiloonekana. Vijana wanaouawa na mchezo huu barabarani aghalabu si wazembe wa mikono. Mikono yao ilikuwa hodari, ila walichagua mahali ambapo uhodari hauna la kufanya.

Pia si haki kuwadharau vijana kwa kuupenda. Mtu aliyechukua chombo cha kubebea tambi, au cha kubebea abiria na mkaa, akagundua ndani yake mlango wa furaha, amefanya jambo la kibinadamu sana. Ngoma ilitoka katika ngozi ya kitoweo na gogo la kuni. Wazee wakitaka vijana wasicheze njiani, wawape viwanja. Katika kiwanja mwalimu hupatikana, aliyeanguka huokotwa mapema, na mtazamaji hukaa kando kwa hiari yake. Kumwambia kijana aache tu ni kumwachia klachi pasipo breki: nguvu yake itakwenda mahali pengine, na hakuna aliyepanga ni wapi.

Siku kijana akirudi kwa fundi yule, breki yake imesafishwa, ushoroba wa kanyagio umepunguzwa, na mguu wake umezoea, fundi atamtilia springi. Huenda asimtilie zile ngumu kupita zote. Atamtilia zinazotosha kuibeba injini ile bila kuteleza, na ambazo vidole vyake vyaweza kuzivuta mpaka jua la adhuhuri. Kisha atarekebisha waya, ataushika mkono wa klachi, atauvuta na kuuachia polepole mara mbili tatu, akisikiliza mahali pleti zinapoanza kugusana. Atampa kijana naye aujaribu, ajue mahali hapo kwa vidole vyake kabla injini haijawashwa.